Je, Wajua? Pistoni ya Kalipa na Maji ya Mohoro

Je, wajua kwamba jina la Mohoro lina maana mbili kwa watu wawili? Mwanafunzi wa historia akilisikia hukumbuka tarehe 4 Agosti 1905, siku Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale wa Maji Maji hapo hapo Mohoro. Fundi breki akilisikia huuliza swali moja tu: "Gari limekaa huko muda gani?" Ukimjibu miaka miwili, hana haja ya kufungua gurudumu. Anajua pistoni zimeshaliwa.

Pistoni ninazosema leo si zile za kwenye injini. Ni vile vikombe vinavyokaa ndani ya kalipa, vinavyosukuma pedi zikabana diski. Madereva wengi huendesha miaka kumi bila kuviona. Wa huku kwenye delta ya Rufiji huviona mapema.

Je, wajua kwa nini huku mapema? Mto Rufiji hauingii baharini kwa mlango mmoja. Hugawanyika vijito na vijito katikati ya mikoko, na bamvua likija maji ya chumvi hupanda navyo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi karibu gramu 35. Gari lililobeba kambamiti na samaki wa barafu hudondosha maji hayo njia nzima, na yakidondoka yanakutana na ekseli. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika vijiji vya Rufiji na Kibiti, magari mengi yaliyovuka maji hayo yalivuka salama, wenyewe wakashukuru Mungu, wakasahau. Kutu haikusahau.

Je, wajua kwamba ndani ya kalipa hakuna springi ya kurudisha pistoni ukiachia pedali? Kazi hiyo hufanywa na sili, ile raba nene ambayo ukiikata utaona kona nne, si duara. Ukikanyaga, pistoni inasogea mbele na sili inapinda kuifuata. Ukiachia, sili inajinyoosha, inaivuta pistoni nyuma kwa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Basi, ni hapo tu. Raba haina misuli ya kuvuta kitu kinachokwaruza. Kutu kidogo inatosha gari likaanza kunuka pedi zilizoungua ukifika Ikwiriri.

Je, wajua kwamba kalipa na silinda ya breki za dramu ni vitu viwili vinavyofuata kanuni zilizopinduka? Kwenye dramu, raba hutembea pamoja na pistoni, ikijikunja kwenye ukuta wa silinda. Ukuta ukichimbika, breki zinavuja. Kwenye kalipa, sili imetulia kwenye mfereji wake na pistoni ndiyo inayopita. Kwa hiyo ukuta wa kalipa unaweza kuwa na makovu na usivuje tone, ila pistoni ikiwa na kishimo kimoja pale sili inapogusa, imekwisha. Fundi aliyezoea dramu hupoteza asubuhi nzima anasugua ukuta wa kalipa kwa msasa, halafu anarudishia pistoni ile ile.

Hili linalofuata lilinikuta mwenyewe. Je, wajua kwa nini gari lisilovuja huanza kuvuja siku ile ile linapofungwa pedi mpya? Nilimgombeza fundi wa watu mbele ya wateja wake, nikimwambia ameharibu gari lililokuja zima. Hakuwa ameharibu kitu. Pedi zikiisha, pistoni hutoka nje kidogo kidogo ili kuzifikia, na ile sehemu iliyotoka hukaa imefunikwa na raba ya vumbi peke yake. Raba hiyo ikipasuka, tope na chumvi vinaingia, na kutu inachimba pale kwa miezi. Haivuji, kwa sababu sili bado imeshika sehemu safi iliyo ndani zaidi. Unaleta pedi mpya, nene. Fundi anaisukuma pistoni irudi mpaka mwisho ili zipate nafasi. Sasa ile sehemu iliyochimbika imekuja moja kwa moja chini ya sili. Jioni kuna unyevu kwenye tairi. Nilirudi kumwomba radhi na soda mbili.

Tangu siku hiyo, kabla pistoni haijarudishwa, naomba raba ya vumbi ifunuliwe nami nipitishe ukucha. Ukucha ukikwama, pistoni hiyo ni ya kubadilishwa, hata kama mwenye gari anakuapia kwamba ni "kutu ya juu juu".

Je, wajua kwamba kusugua pistoni ya kromu kwa msasa ni kuinunulia kutu tiketi? Ule ung'avu ni ganda jembamba kuliko unywele, limepakwa juu ya chuma cha kawaida. Ukishalivua, pistoni inapendeza siku ya kwanza kuliko mpya. Mwezi wa tatu utaniambia.

Je, wajua kwamba kununua pistoni kwa jina la gari ni kubahatisha? Gari la aina moja, la mwaka mmoja, linaweza kutoka kiwandani na kalipa za watengenezaji wawili tofauti. Kwenye magari ya Kijapani utakutana na Akebono, utakutana na Advics, na pistoni ya huyu haiingii kwa yule. Mtu anapiga simu Kariakoo akiwa Mohoro, anasema "nataka pistoni za mbele za gari fulani", zinapakiwa kwenye basi, zinavuka Daraja la Mkapa na mita zake 970, zinafika jioni, haziingii. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi. Pistoni si ya gari, ni ya kalipa. Itoe ya zamani, ishike mkononi, ipime, ndipo upige simu.

Ipime wapi? Kipenyo kwanza, kwa vania, sehemu tatu kuizunguka, kwa sababu pistoni iliyobanwa na koleo huwa imepoteza uduara. Kisha kimo chake, kuanzia kitako mpaka mdomo. Kisha mfereji wa raba ya vumbi: uko juu kiasi gani, una upana gani, au haupo kabisa kwa sababu raba hiyo inashikwa na kalipa. Pistoni mbili zenye kipenyo kimoja na vimo viwili ni ndugu wa baba mmoja tu. Iliyo fupi hubaki na sehemu ndogo mno ya kushikwa na sili pedi zikiisha.

Je, wajua kwamba vania ikikuonyesha 53.97 usiseme pistoni imelika? Hiyo ni inchi 2 na 1/8 kamili. Ukiona 60.33, ni inchi 2 na 3/8. Magari ni ya milimita, barabara ni ya kilomita, lakini baadhi ya pistoni za breki bado zimerithi vipimo vya inchi.

Na hesabu kidogo, kwa wale wanaodhani tofauti ya milimita 3 ni ndogo. Pistoni ya milimita 54 ina uso wa sentimita za mraba karibu 23. Ukikanyaga breki kwa nguvu na kila sentimita ya mraba ikapata kilo 50, pistoni hiyo inasukuma pedi kwa zaidi ya kilo 1,100, uzito wa mifuko 22 ya saruji. Pistoni ya milimita 51, kwa kanyago lile lile, inasukuma pungufu. Ya 54 inaishinda kwa asilimia 12. Sasa fikiria mtu aliyenunua kalipa mbili za mtumba kwenye fungu moja, kushoto 51, kulia 54. Akifunga breki kwenye lami yenye mchanga, gari linachagua upande lenyewe.

Tuje kwenye jambo lenyewe hasa: pistoni ya kitu gani?

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya mzee mmoja, fundi breki, chini ya mwembe, Mohoro, nikisubiri gari, alipoingia kijana wa Haisi na mfuko mweusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umezipata?"

"Nimezipata. Stenlesi tupu, mzee. Nimelipia bei ya stenlesi."

Mzee hakusema neno. Alivuta kutoka chini ya benchi sumaku ya spika mbovu, nyeusi, mviringo, akaisogeza karibu na pistoni iliyokuwa inang'aa kama kijiko cha harusi. Ikadaka, ta! Akainua sumaku na pistoni ikaning'inia.

"Stenlesi gani hii," akauliza taratibu, "inayong'ang'ania sumaku hivi?"

Je, wajua kwamba jaribio hilo la mzee linafanya kazi? Stenlesi zinazochongewa pistoni kwa kawaida, za familia ya 303, 304 na 316, hazishikwi na sumaku, au zinavutwa kwa unyonge tu pale zilipogongwa na kukandamizwa. Chuma kilichopakwa kromu hudakwa pale pale. Kijana alikuwa amenunua kromu kwa bei ya stenlesi. Si kwamba kromu ni mbaya. Kromu nzuri ndiyo iliyokuja na magari mengi kutoka kiwandani. Ubaya ni bei.

Je, wajua kwamba hata stenlesi ina kutu yake? Kinachoilinda ni utando mwembamba wa kromiamu na oksijeni unaojijenga wenyewe juu yake, na kila ukikwaruzwa unajifunga tena, mradi hewa ipo. Stenlesi inaishi kwa kupumua. Ukiizika kwenye tope la chumvi lililotuama chini ya raba ya vumbi iliyochanika, inakosa hewa, na chumvi inaitoboa vishimo vidogo kama vya sindano. Aina ya 303 imetiwa salfa kidogo ili ichongeke kwa urahisi, na ndiyo inayotobolewa mapema. Ya 316 ina molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, iliyowekwa kwa ajili ya chumvi hasa. Kwa gari linaloishi Mohoro, nikiweza kuchagua, ninachagua 316 na raba mpya ya vumbi. Nikiambiwa nichague kimoja kati ya hivyo viwili, nachukua raba.

Je, wajua kwamba stenlesi hupitisha joto kwa theluthi moja tu hivi ya chuma cha kawaida? Hiyo ni faida, maana joto la pedi linachelewa kufika kwenye mafuta ya breki. Aluminiamu ndiyo kinyume chake: nyepesi, tamu kuchonga, na inapitisha joto kama mmbea anavyopitisha habari.

Je, wajua kwamba kuna pistoni za plastiki? Si plastiki ya ndoo. Ni fenoliki, ukoo wa bakelaiti, aliyoigundua Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Ndiyo ile ya simu nyeusi za mezani za zamani na mishikio ya sufuria. Viwanda vya magari vimeitumia kwenye kalipa tangu miaka ya 1970. Ni nyepesi, haijui kutu, na joto haipitishi karibu kabisa. Ungedhani imetengenezewa delta. Tatizo lake ni mikono yetu. Fundi akiitoa kwa koleo, mdomo unamegeka. Akiisukuma kwa bisibisi upande mmoja, inapata ufa usioonekana. Na ikizeeka katika unyevu, inavimba kidogo na kubana kwenye tundu lake. Ukiikuta ina rangi ya kahawia au nyeusi, ukiigonga inalia "tok" badala ya "ting", mwambie fundi kabla hajachukua koleo.

Ushauri wangu, kwa sababu msomaji mmoja hunisumbua nitoe ushauri: iliyokuja na fenoliki, rudishia fenoliki. Iliyokuja na kromu, weka kromu mpya ya mtengenezaji anayejulikana, au panda stenlesi. Na ubadilishe pande zote mbili za ekseli. Kuweka stenlesi kushoto na kuacha kromu yenye makovu kulia ni kumvisha mtoto kiatu kimoja.

Je, wajua kwamba mara nyingi pistoni husingiziwa? Kalipa ya aluminiamu, na ya chuma vilevile, hujenga ukoko ndani ya mfereji wa sili. Wa aluminiamu ni mweupe kama chokaa. Ukoko huo hukaa nyuma ya sili, unaisukuma mbele, sili inaikaba pistoni. Unaweza kununua pistoni ya bei yoyote duniani. Ukiiingiza kwenye kalipa ambayo mfereji wake haujakwanguliwa, itabana wiki hiyo hiyo. Mzee wa mwembe hukwangua kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga ncha bapa, hatumii msumari, kwa sababu msumari unaacha mkwaruzo. Alichukua dakika 40 kwa kalipa moja. Kuiingiza pistoni kulichukua nusu dakika, kwa vidole gumba viwili, bila nyundo. Ikihitaji nyundo, kuna kitu hakiko sawa.

Je, wajua namna ya kujua kama ni pistoni inayobana au ni paipu ya mpira? Pandisha gari kwa jeki, gurudumu likiwa limeshika. Legeza nipeli ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imefungiwa, na paipu ya mpira ndiyo ya kwanza kushukiwa: imevimba kwa ndani, inaruhusu kwenda, inakataa kurudi. Gurudumu likibaki limeshika, rudi kwenye pistoni au kwenye pini za kalipa. Jaribio hili halina gharama, na limeokoa pistoni nyingi zisizo na hatia.

Je, wajua kwamba kompresa inaweza kukuvunja kidole? Upepo wa kilo 8 kwa sentimita ya mraba, nyuma ya pistoni ya milimita 54, ni kilo 180 na ushee. Pistoni iliyokwama haitoki polepole. Inakaa, inakaa, halafu inaruka kama embe lililopigwa jiwe. Weka kipande cha ubao mbele yake, vidole mbali. Au, bora zaidi, itoe kwa pedali ya gari lenyewe kabla hujafungua paipu. Mafuta hayaruki kama upepo.

Je, wajua kwamba pistoni nyingi za kalipa za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake hazisukumwi, huzungushwa? Ukiona uso wake una nafasi za kutia funguo, weka klampu chini. Ukilazimisha, unavunja skrubu ya ndani, na hiyo haiuzwi peke yake.

Je, wajua kwamba mafuta ya breki ya zamani yalitokana na mbarika? Ndiyo, mbarika huu huu unaoota kando ya njia. Mafuta yake yalichanganywa na alkoholi, kwa sababu hayaumizi raba. Mpaka leo ile grisi nyekundu ya kupaka sili na pistoni ina asili hiyo. Grisi ya beringi ni hadithi nyingine: hiyo ni ya petroli, na sili za siku hizi zikiigusa zinavimba kama maandazi. Kosa hili huanzia kwenye ulimi. Tunasema "oili ya breki", kijana wa kazi anaambiwa "lete oili", analeta oili ya injini. Kikombe kimoja kikiingia kwenye tenki la masta, sili za gari zima zimekwenda.

Je, wajua kwamba mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani? DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Ikishakunywa maji asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Kopo lililofunguliwa Januari na kubaki nusu kwenye hewa ya delta usilitumie Agosti. Na maji hayo yakishaingia, yanaenea kwenye mafuta yote hadi ndani ya kalipa, nyuma ya pistoni mpya uliyoilipia.

Je, wajua kwamba kalipa ya kushoto mara nyingi inaingia vizuri upande wa kulia? Itafunga, itabana, itapendeza. Ila nipeli itakuwa chini badala ya juu, upepo utabaki juu, na utatoa upepo mpaka kesho kutwa, pedali bado laini.

Je, wajua kwamba tatizo la spea katika delta hii halikuanza na magari? Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar. Ikajiandaa kuondoka zake, injini ikaharibika, ikarudi kujificha katika vijito vya Rufiji. Karakana ilikuwa Dar es Salaam. Sehemu za mashine zilizoharibika zikasafirishwa kwa nchi kavu mpaka huko, zikatengenezwa, zikarudishwa. Injini ikapona, lakini Waingereza walikuwa wamekwishaziba milango ya mto. Meli ilizamishwa na wenyewe tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake ikatolewa ikaburutwa kupigania nchi kavu; mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, kwa atakayepita huko. Anayesubiri pistoni ya Kariakoo ifike Mohoro kwa basi la jioni asijione wa kwanza.

Je, wajua, la mwisho, pistoni chakavu hufanya kazi gani? Ya milimita 60 iliyotoka kwenye lori la samaki ipo juu ya benchi ya mzee wa mwembe, imepinduliwa mdomo chini. Inakandamiza daftari la madeni upepo wa kusi usilifunue. Upande mmoja bado unang'aa. Upande wa pili una vishimo vitatu, na mteja akibisha kwamba kutu ya pistoni yake ni ya juu juu tu, mzee humpa aipitishie ukucha, kisha anaiondoa kabisa ili wote wawili waone jina la mteja huyo liko ukurasa gani.